Safu ya Nne

Saa kumi na nusu, soko la Dar limeshafunga.
Eliamringi, kijana wa ofisi ya dalali,
ghorofa ya pili karibu na kipilefti cha saa,
ananisomea namba kwenye simu
kama anayesoma matangazo ya vifo,
polepole, jina kwanza.

Nami naandika. Daftari ni la mirabaa,
limebaki tangu nilipofundisha hesabu pale Majengo.
Safu ya kwanza: zilizopanda.
Ya pili: zilizoshuka.
Ya tatu, ndefu kuliko zote: zilizolala.
Ya nne ni ujazo,
hisa ngapi leo zimehama mkono.

Redio haina haja na safu zangu.
"Fahirisi imepanda," inasema, kisha hali ya hewa.
Na kaka yangu Ndelilio, huko Kiboriloni
katikati ya marobota yake ya mitumba,
anaanza kukunja vidole, anahesabu faida.

Nikamwambia: wewe, robota likifunguliwa,
tangu lini ukalihukumu kwa koti la juu?
Si huwa unazamisha mkono hadi kwapani,
ukatoka na soksi moja na shuka lililoungua pasi?

Jumanne zilipanda mbili, benki na bia.
Tisa zilishuka. Kumi na moja hazikugeuka hata ubavu.
Lakini hao wawili ndio wanene wa mzani,
wakikohoa tu, fahirisi inaruka.
Na ujazo? Nusu ya Jumatatu,
na Jumatatu yenyewe ilikuwa nusu ya Ijumaa.

Kwenye jalada, ndani, niliandika zamani
ili nisijidanganye:

*Wakipanda ni wawili, kumi chini wamekaa,*
*usiuite ukweli, huo ni mwanga wa taa;*
*pima na ujazo pili, mikono iliyotwaa,*
*ujazo ukisinzia, bei hupanda bandia.*

"Usinunue," nikasema. "Siku tatu, nne hivi, itageuka."
Akanunua.

Jumatano ikapanda.
Alhamisi ikapanda.
Ijumaa Ndelilio alikuja na kilo mbili za mbuzi,
hakusema neno,
akaziweka mezani juu ya daftari.
Damu ikapenya gazeti, ikalowesha safu ya Machi.
Tulikula. Nyama ilikuwa laini, siwezi kukataa.

Jumatatu safu ya nne ikafura.
Mara arobaini ya kawaida! Nilimwomba Eliamringi arudie,
akarudia, sifuri zote zikiwa palepale.
Moyo wa mwalimu ulinienda mbio:
bei juu, ujazo juu, basi nimekosea mimi,
watu wameingia kweli, mlango uko wazi.
Nikashika simu nimwambie Ndelilio aongeze.

Sijui kwa nini nilimpigia kijana kwanza.
"Ni mkono mmoja, mama," akasema.
"Mzee fulani wa Kibosho alinunua enzi za ubinafsishaji,
akafariki. Watoto saba hawakuelewana,
wameuza zote. Na mnunuzi naye ni mmoja."

Basi namba yangu nono
ilikuwa ugomvi wa familia,
labda na shamba la migomba lisilogawanyika.
Wengine wote siku hiyo walilala kama kawaida.

Wiki iliyofuata ikashuka.
Si sana. Kiasi cha nyama ile na nauli.
Ndelilio aliuza kimyakimya, hakuniuliza kitu,
nami sikusema "nilikwambia,"
maana nilikwambia siku tatu, nne,
na ilikuwa ya sita, na katikati hapo
nilikuwa na simu mkononi.

Sasa nimepiga mstari mwingine kwa rula.
Safu ya tano haina kichwa,
ila kila jioni Eliamringi akimaliza namba
namuuliza: nani?
"Sijui, mama."
Naacha mraba mtupu,
nageuza ukurasa, doa la damu limefika hadi Aprili.